Karatasi ya Ndani

Mwanangu Shamsa,

Umekwenda Chatsworth kumuaga Bi Fatma, na kwa kuwa hatakuachia mpaka umekula mara mbili, nina muda wa kutosha kuandika kabla hujarudi. Mabegi yapo mlangoni. Dawa yako ya pumu iko mfuko wa mbele, na mengine yote tumeyasema jikoni tangu Jumatatu, mpaka jana ukaniambia, "Mama, naenda Cape Town, siendi mwezini." Kwa hiyo humu hutakuta habari za chakula wala za soksi.

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa najua Kiingereza ungekisoma haraka zaidi. Nataka usome polepole.

Kesho asubuhi unaondoka, na hujasema na Nadège kwa majuma matatu. Mmekuwa pamoja tangu hamjaanza shule, yeye ghorofa ya tatu na wewe ya pili, mkiitana kwa kugonga bomba la maji. Ukipanda basi kabla hamjasemezana, naogopa hamtasemezana tena. Hakuna atakayeamua iwe hivyo. Utapita mwezi, halafu mwaka, halafu utasikia kwa watu kwamba ameolewa. Najua inavyokuwa, maana nusura nimpoteze rafiki kwa njia hiyo, na kosa lilikuwa langu. Kisa hicho sijawahi kukusimulia chote. Niliogopa ungeniona mdogo.

Lakini kwanza kuna jambo kati yako na mimi, na nisipoliondoa hutasikia hayo mengine.

Siku ile uliporudi kutoka saluni ya Mama Nadège ulikuwa umesukwa nusu kichwa. Upande wa kulia mistari ilikuwa imenyooka kama ya daftari, upande wa kushoto nywele zimesimama. Ulipita sebuleni ukaingia chumbani, na sikukuuliza. Jioni ulikuja na kitana, ukakaa sakafuni mbele yangu, nami nikamalizia upande uliobaki. Unajua sijui kusuka. Ulitembea wiki nzima na kichwa cha mafundi wawili bila kulalamika, na kule kutolalamika ndiko kulikonitisha.

Kesho yake Mama Nadège alinikuta kwenye ngazi akanishika mkono. Akanieleza kwamba binti yake alikuwa akimsuka mteja, mikono imejaa mafuta, simu ikalia, naye akaufungua ujumbe wako wa sauti kwa kifundo cha kidole. Ukasikika chumba kizima, kama zinavyosikika sauti zote mule ndani. Unaijua saluni ile kuliko mimi. Shangazi wa mtu akituma sauti kutoka Uvira, kule kwao Kongo, inafunguliwa kwa wote, maana kila mwanamke aliyekaa pale ana mtu wake Uvira au Bukavu, na ukiiweka simu sikioni peke yako utaulizwa unaficha nini. Basi walikusikia. Siku chache baadaye wewe ukiwa kwenye kiti, yule mama wa duka la simu akakuuliza, "Shamsa, bado uko nalia kama mtoto mudogo?" Saluni ikacheka, na wewe ukainuka na nusu kichwa chako ukaondoka.

Mama Nadège alitaka kuendelea. "Maman Shamsa, ile yenye mutoto alisema, lazima ujue. Iko juu yako."

Nikamwambia kwamba ujumbe ule haukutumwa kwangu, na nikamwomba asiniambie.

Akanitazama kama anamtazama mtu aliyekataa chakula cha matanga. "Hata kama iko juu yako?"

"Hasa kama ni juu yangu," nikasema.

Kwa hiyo, Shamsa, soma hapa mara mbili: sijui ulisema nini. Nimekuona majuma haya matatu ukinitazama kwa pembeni, ukitafuta usoni mwangu kama nimesikia. Sijasikia. Nilitamani sana, sitakudanganya. Kuna siku nilisimama mbele ya mlango wa saluni nikijifanya natafuta funguo. Lakini sikuingia. Siku utakayotaka kuniambia mwenyewe, nipo. Usipotaka kabisa, bado ni mwanangu na bado hayo ni maneno yako.

Usidhani nilikataa kwa wema. Nilifundishwa kukataa na kosa langu mwenyewe, na sasa nakupeleka huko.

Unamjua Mwajuma kama jina la bahasha. Unajua ni mwalimu Korogwe, na kwamba kila baada ya miezi miwili au mitatu barua yake inafika, na kwamba nikiisoma sipendi kusemeshwa. Kabla ya hapo alikuwa shoga yangu wa Tanga. Tulikaa dawati moja miaka minne. Tulikuwa tukinunua doti moja ya khanga tukaikata, kipande chake na kipande changu, ili mtu akimwona mmoja aulize mwenzake yuko wapi. Nilipoolewa nikamfuata baba yako huku Durban, wewe ukiwa tumboni, yeye alibaki akaolewa na mtu wa dukani, mtu asiyempiga wala kumtukana, lakini aliyetaka kujua kila mlango wa nyumba unaelekea wapi. Simu ilikuwepo, ila ilikuwa ya mumewe, na alikuwa akiikagua. Kwa hiyo tuliandikiana barua. Tulizipeleka kwa mkono, kwa wafanyabiashara waliokuwa wakija huku kwa basi na kurudi nyumbani na marobota ya nguo.

Wakati huo tulikuwa tukikaa kule mwisho wa Umbilo Road, chumba kimoja na nusu, na kila Jumapili Watanzania walikuwa wakija kula kwetu. Palikuwa na desturi moja. Aliyepata barua kutoka nyumbani aliisoma mbele ya wote. Hakuna aliyeiweka kama sheria. Watu walikuwa na kiu ya nyumbani, na barua ya mmoja iliwatosha kumi: nani kajifungua, mvua imenyesha wapi, mwembe wa nani umeangukia paa la nani. Aliyeificha barua yake mfukoni alionekana mchoyo, kama mtu anayekula chumbani na wageni wako sebuleni.

Na mimi nilikuwa msomaji mzuri. Hapo ndipo penye kosa langu, wala halikuanzia kwenye desturi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nashinda ndani na mtoto, siijui lugha ya majirani, kila siku ni sufuria na nepi. Jumapili nikishika barua ya Mwajuma nilikuwa mtu. Mwajuma alikuwa akiandika vizuri, anachekesha, nami nilikuwa nikimwigiza mama mkwe wake kwa sauti ya puani, namwigiza muuza maandazi, na wanaume wazima walikuwa wakijifuta machozi. Baba yako alikuwa akinitazama siku hiyo kuliko siku zote.

Jumapili moja nilikuwa nimefika ukurasa wa tatu. Wewe ulikuwa umelala mapajani kwangu. Jicho hutangulia mdomo, Shamsa, kila asomaye kwa sauti anajua hilo. Unaona sentensi inakuja kabla hujaitamka. Niliiona. Mwajuma alikuwa ameandika kwamba amepata nafasi chuo cha ualimu, kwamba mumewe hajui na hatakubali, na kwamba ataondoka siku mume atakapokwenda Pemba kwenye arusi ya ndugu yake. Chini yake akaandika: ajuaye ni wewe tu.

Niliiona. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kuruka mistari sita na kuendelea na habari za maandazi, na hakuna ambaye angejua. Lakini chumba kilikuwa kimya kabisa, watu wameacha kutafuna, wote wananisikiliza mimi. Nikasoma. Nikasoma mpaka yale maneno ya mwisho, na yale nikayasema kwa kunong'ona, kama katika mchezo wa redio, "ajuaye ni wewe tu." Watu wakaangua kicheko, kwa kuwa sasa tulikuwa tunajua watu kumi na wawili. Na mimi nikacheka pamoja nao.

Kumi na wawili hao nimewarudia kichwani mara nyingi. Kati yao alikuwamo Kaka Hamisi, mfanyabiashara aliyeileta barua yenyewe, na wiki ile alikuwa anarudi. Kaka Hamisi hakuwa mtu mbaya. Alimsimulia mkewe kama kisa kizuri, mwanamke hodari anakwenda kusoma. Mkewe akamsimulia dada yake. Na siku nne kabla ya arusi ya Pemba, mume wa Mwajuma akavichukua vyeti vyake vyote vya shule akavifungia katika kabati la dukani. Hakusafiri. Na chuo kikafunga kupokea wanafunzi, na Mwajuma akabaki na begi alilokwisha kulipanga.

Barua iliyonifikia baadaye ilikuwa na mistari miwili. "Nilikuandikia wewe. Nani alikuambia ualike watu?"

Hapo, mwanangu, ndipo nilipofanya kosa la pili, na nikiyapima naliona kubwa kuliko la kwanza. La kwanza lilichukua dakika moja. La pili lilichukua miaka mitatu. Sikujibu. Nilijiambia kwamba namwachia nafasi apoe. Nilijiambia kwamba kosa kama hili linahitaji maneno mazito, na nitayaandika nikiyapata. Nilikuwa nikiyatunga nikiosha vyombo, nikiyatunga kwenye taxi, daladala za huku, mazuri ajabu, na hata moja halikufika kwenye karatasi. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwandikia na asinijibu. Nilipendelea nisijibiwe kwa kuwa sijaandika. Aibu ikikaa muda mrefu inavaa nguo za heshima. Mtu anasema "simsumbui" kumbe anajilinda mwenyewe.

Miaka hiyo ndiyo niliyoanza chuo kule Westville, ukikumbuka, nikikuacha kwa Mama Nadège mkicheza na vibanio vya nywele. Mwaka wa tatu, mwalimu wangu wa historia alinipeleka mjini kwenye chumba cha nyaraka za kale, nikapewa boksi moja la barua nizinakili. Zilikuwa za wakati wa Malkia Victoria. Msichana mmoja wa Kiingereza, jina lake Harriet, alikuwa amekuja hapa Durban na kaka yake mji ukiwa bado mchanga na matope, na rafiki yake Louisa alibaki kwao. Waliandikiana miaka kumi na mmoja. Barua za Harriet zimepotea. Zilizobaki ni alizopokea, yaani za Louisa, na nilikaa nazo majuma sita nikiwa na penseli, kwa kuwa kalamu ya wino hairuhusiwi mule.

Louisa alikuwa na tabia moja iliyoniumiza macho. Karatasi nzito ilitozwa zaidi, kwa hiyo akimaliza ukurasa alikuwa akiugeuza upande na kuandika tena juu ya yale yale, mistari ikikatiza mistari kama mkeka. Siku mbili za kwanza sikuona kitu. Ya tatu jicho likazoea kufuata safu moja na kuiacha nyingine. Nikaanza kuwasikia. Walikuwa na umri wangu nilipofika hapa. Walikuwa wakitaniana kuhusu kofia, na kuhusu kasisi mmoja aliyekuwa akipiga chafya katikati ya sala, halafu mstari wa pili wanaulizana kama inawezekana mwanamke kuishi bila kuolewa na asiwe mzigo kwa mtu.

Sitakuambia kwamba walikuwa kama sisi. Harriet alikuwa na msichana wa Kizulu aliyekuwa akimfulia na kumbebea maji, na katika barua zote zile Louisa anamwita "msichana wako" tu. Majuma sita nilimtafuta jina lake, na sikulipata. Niliwapenda na nikawakasirikia katika siku moja, mara nyingi katika ukurasa mmoja.

Lakini walikuwa na desturi ileile ya chumba chetu cha Umbilo. Barua ikifika kutoka mbali ilisomwa mezani asubuhi, baba, mama, shangazi na mgeni aliyelala, wote wakisikiliza. Kila mtu alijua hivyo. Kwa hiyo wasichana wale walikuwa na njia yao. Barua kubwa ilikuwa ya meza. Ndani yake waliweka karatasi ndogo, imekunjwa peke yake, na juu yake wameandika: soma ukiwa peke yako. Ukifungua bahasha unaiteleza ile ndogo chini ya sahani au kwenye mkono wa gauni, na unaendelea kusoma ile kubwa kwa sauti bila kupepesa. Nilipozikuta zile karatasi ndogo, alama za mikunjo bado zipo, niliweka penseli chini. Mimi na Mwajuma hatukuwahi kuwa na karatasi ya ndani. Yeye hakujua kwamba anaihitaji. Alidhani mimi ndiyo karatasi ya ndani.

Halafu nikafika mwaka wa tano wa barua zao. Barua za Louisa zinaonyesha Harriet alikuwa amemwandikia kwamba hatamkubali mwanamume aliyechaguliwa na kaka yake, na aliiandika katika karatasi ndogo, kama kawaida. Na Louisa aliisoma mezani. Sijui kwa nini. Pengine alizubaa, pengine alitaka kumshangaza shangazi yake. Baba yake akamwandikia kaka wa Harriet. Unaweza kukisia yaliyofuata katika nyumba ile ya hapa Durban.

Barua ya Louisa iliyofuata nimeinakili kwa mkono wangu na naikumbuka. "Niliisoma mezani. Nilijua ni yangu peke yangu, na niliisoma." Basi. Hakuandika mistari ya kukatiza siku hiyo. Upande wa pili wa karatasi ni mweupe. Hakueleza kama alikuwa mgonjwa au kama shangazi alimlazimisha. Nilisoma maneno yale nikaona haya mpaka masikio, kwa sababu miaka mitatu nilikuwa nikitunga sababu.

Harriet hakujibu. Tunajua, kwa sababu Louisa anaandika tena na anasema hajapata kitu. Kisha anaandika tena. Aliandika barua saba, na hakuna hata moja ya kuomba. Anaeleza kuku wamegoma kutaga. Anaeleza kikohozi cha dada yake. Anaeleza utepe alioununua na anaujutia. Barua za kuchosha, Shamsa, na kila moja ilikaa melini majuma mengi ikija kwa mtu asiyetaka kusema naye. Ya nane inaanza hivi: "Barua yako imefika."

Jambo moja nililitambua siku ya mwisho, nikizirudisha kwenye boksi. Zile saba zilikuwa humo. Zimefunguliwa, zimepangwa kwa mfuatano, kingo zimelainika kwa kushikwa. Harriet alikuwa na hasira na alinyamaza, na kila moja alikuwa akiifungua na kuiweka.

Siku ile nilishuka kwenye taxi vituo viwili kabla ya kwetu nikanunua karatasi.

Barua ya kwanza niliyomwandikia Mwajuma ilikuwa na kurasa nne. Nilipoisoma tena nikaona nimeeleza upweke wangu kurasa tatu na nusu. Nikaichana. Ya pili nikamlaumu Kaka Hamisi kidogo, kwa adabu. Nikaichana nayo. Niliyoipeleka ilikuwa na sentensi nne, na sitaziandika hapa, ila haikuwa na neno "lakini." Baada ya hiyo nikawa naandika moja kila mwezi. Niliandika kwamba mvua ya hapa inanyesha majira ya kiangazi na bado sijaizoea. Niliandika kwamba umeng'oka meno mawili ya mbele na unapiga mluzi bila kukusudia. Barua ya kwanza nilikuwa nikingoja jibu kila siku. Kufikia ya nne nilikuwa nimeacha kungoja, nikagundua kwamba naandika hata hivyo, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilikuwa namwandikia yeye, pasipo mtu wa kunisikiliza.

Baada ya ya tano alijibu. "Nimepata zote. Nilikuwa sina la kukuambia, sasa ninalo kidogo. Meno ya mtoto yameota?"

Alikuwa amekwenda chuo mwaka uliotangulia. Alividai vyeti vyake mwenyewe, mbele ya wazee wa pande zote mbili, na hilo ni kisa chake. Mimi sikuwa na mchango wowote humo, isipokuwa ule wa kumchelewesha.

Usidhani siku ile tulirudi kama zamani. Miaka mingi Mwajuma alikuwa akiniandikia mvua, darasa lake, mbuzi wa jirani. Barua nzuri, za meza. Nilijifunza kutotaka zaidi ya hizo. Halafu mwaka juzi, mwezi ambao wewe ulikuwa na mitihani, nilifungua bahasha na ndani mlikuwa na karatasi ya pili, imekunjwa mara nne. Uliniuliza habari za Korogwe, nikakujibu kwamba mahindi yamestawi.

Sasa narudi kwa Nadège. Sikuambii umsamehe. Ulichomwa mbele za watu, na anayejua ukubwa wa kidonda ni mwenye mguu. Mikono yake ilikuwa na mafuta, na hilo linaeleza jinsi sauti yako ilivyoanza kusikika. Halielezi kwa nini hakuizima. Pengine alizubaa. Pengine, kama mimi, aliona chumba kimenyamaza na akapenda kidogo kuwa yeye ndiye rafiki unayemwambia mambo. Sijui, na mama yake pia hajui. Anayejua ni yeye, na wewe tu ndiye unayeweza kumuuliza.

Ninachokijua ni cha upande ule wa pili, upande wa aliyefungua mdomo, kwa kuwa nimeishi huko. Kule mtu hulala akijibizana na mwenye haki, na kila siku anashindwa. Kule pia kuna kiburi, usikisahau. Mtu anaweza kuipenda aibu yake mpaka akamsahau aliyemuumiza. Kama Nadège bado amekaa kimya, inawezekana hajali. Inawezekana pia kwamba anatunga maneno mazito, kama mama yako. Mimi ningalikuwa na mtu wa kuniambia nitumie hata habari za kuku, nisingalipoteza miaka mitatu.

Na wewe, mwanangu, huko uendako, siku moja utasimama mahali pa Nadège. Utakuwa na neno la mtu mkononi, na watu watakuwa wamenyamaza wakikungoja. Sikuombei isikufike. Nakuombea tu uione sentensi kabla hujaitamka.

Limebaki jambo moja, na hili nakuungamia.

Leo mchana ulipokuwa umetoka, Nadège aligonga mlango. Hakutaka kuingia. Alisimama kwenye korido na aproni ya saluni, amekonda kidogo, nadhani. Nikamwambia mapema kwamba sitachukua ujumbe. Akasema, "Mama, siko na message. Nataka tu kujua Shamsa iko naondoka saa ngapi."

Nikamwambia. Taxi inakuja saa kumi na moja na nusu. Maneno yalishanitoka ndipo nikakumbuka kwamba hiyo nayo ilikuwa habari yako, na kwamba nilipaswa kukuuliza kwanza. Umri wote huu, boksi lote lile la barua, na bado mdomo wangu unanitangulia. Nisamehe, au nikasirikie kwanza halafu unisamehe ukifika Cape Town. Nitakuandikia kila mwezi katikati ya hapo, habari za mvua.

Alishukuru, akapanda ngazi polepole. Hakusema atafanya nini na saa ile, ila namjua tangu hajaanza shule, na wewe unamjua zaidi. Atakuwa chini, mlango wa mbele, amevaa koti la mama yake. Kuna mlango wa nyuma, ule wa kwenye mapipa ya taka, na nimeshamuuliza dereva: anaweza kuja huko vilevile, hatadai zaidi. Amua mwenyewe. Usiniambie usiku huu. Asubuhi wewe tangulia, na mimi nitakuja nyuma yako kwa mlango utakaoushika.

Mama yako